Siku Afande Aliwacha Moto

Ninyi munaoshika sasa ufunguo wa chumba cha nyuma, mulisema Papa Mateso atuachie maneno mbili tatu juu ya kazi. Maneno mbili tatu! Mutu anayejua mudomo wangu angeomba moja tu, halafu angekimbia. Mimi shule niliiona kwa inje, kwa hiyo ninasema na binti yangu anaandika. Kila saa anasimamisha kalamu: "Papa, hapo umetia chumvi." Namwambia, andika, chakula bila chumvi ni cha bagonjwa.

Mambo ya cheo na mushahara nayaruka. Cheo sikukiona, na mushahara tulikuwa tunapishana mu njia, mimi naingia sokoni, yenyewe inatoka.

Kazi ilinikuta Nakivale, kambi ya bakimbizi, fasi banaita Base Camp, niko naziba pancha za baiskeli na za boda. Gari ya Dokta Kemigisha ikafa tairi mbele ya kibanda changu kabisa. Batu banasema nilikuwa napanda misumari mu ile barabara sawa mutu anapanda maharagi. Ni wivu. Huyu Dokta ni mama wa hapa Mbarara, mwalimu wa fizikia, mufupi, lakini sauti yake inaweza kurudisha ng'ombe za kijiji cha pili. Akaniangalia nikiziba, akauliza:

"Wewe, pampu unajua?"

"Mama, mimi nilizaliwa nikishika pampu. Mama yangu aliteswa sana na ule mupini."

Akacheka mpaka akaketi juu ya tairi. Kisha akanileta Mbarara, mu kale kachumba nyuma ya chuo, upande wa kwenda Ruharo. Nikaona pampu. Mungu wangu! Kubwa sawa ng'ombe mwenye mimba, na inakoroma sawa mume wake. Nikaanza kuzunguka natafuta tairi iko wapi. Fundi wa kabla yangu, Muzee Katto, mutu wa maneno machache sana, akaniacha nizunguke mpaka nikachoka, halafu akasema:

"Hapa hatutii hewa. Tunatoa."

Mulisikia? Maisha yangu yote nimetia hewa mu vitu, sasa nimefika kwa batu banaoitoa! Lakini iko na maana. Munajua ile kengele ya kioo. Chini yake kuna kamutumbwi kadogo ka chuma, mu mutumbwi kuna kipande cha dhahabu. Juu kuna jiwe la mika, limelala uso chini. Ukipitisha umeme, mutumbwi unawaka, dhahabu inageuka mvuke, inapanda, inashika mu jiwe. Hewa ikiwa ndani, dhahabu inagongana na hewa mu njia, haifiki. Sawa boda siku ya soko. Kwa hiyo unatoa hewa kwanza, njia inakuwa tupu, dhahabu inaenda moja kwa moja.

Siku ya kwanza Muzee Katto akanipa jiwe la mika nilishike. Nililishika. Kwa vidole! Vidole vilivyokula samaki ya kukaanga asubuhi. Hakunigombeza. Alilichukua na koleo, akalipandisha mu kengele, akafanya kazi yote mpaka mwisho bila neno. Tulipofungua, dhahabu ilikuwa imetandaa vizuri fasi yote, na katikati kuna kidole gumba changu, kila mustari wake, dhahabu imekataa kukaa vizuri pale. Akanipa zawadi. Iko mpaka leo mu kabati, karibu na taa. Wafalme bako na pete za dhahabu, lakini mwenye kidole cha dhahabu ni mimi peke yangu.

Tangu hapo nilijua adui wetu ni mafuta. Vazelini, hapana. Mafuta ya nywele, hapana. Siku ya filamu, njo ile ngozi nyembamba ya dhahabu juu ya jiwe, hata Dokta mwenyewe tulimukataza kula eshabwe mchana, na munajua Munyankore ukimukataza samli yake unatafuta vita. Alikuwa anakula ndizi kavu, ananitazama sawa mimi njo niliua ng'ombe.

Muzee Katto alinifundisha kubandua. Mika iko na kurasa nyingi sawa kitunguu. Unabandika selotepu, unazuia pumzi, unavuta polepole, ukurasa wa juu unatoka, na chini yake kuna uso ambao haujaonwa na mutu tangu Mungu aumbe milima. Mutu wa kwanza kuuona ni wewe, Mateso wa pancha. Hapo usipige chafya. Mimi nilipiga chafya mara moja tu, na mika ikaruka mpaka kambi ya Makenke, bajeshi bakaitika. ("Papa." Andika!)

Sasa filamu inakua namna gani? Dokta alinieleza na ng'ombe, kama kawaida yake. Alisema chembe za dhahabu zinafika mu jiwe sawa ng'ombe wanaoingia mu malisho mapya: moja inatembea, inatafuta mwenzake, wakikutana wanasimama pamoja, wengine wanakuja, kundi linakuwa. Na jiwe lenyewe lina mistari ndani yake, linawapanga, sawa muchungaji na fimbo. Mimi nikamwambia hapana mama, hiyo ni lori ya Nakivale. Lori inashusha batu mu fasi tupu. Mutu anashuka na mufuko wake, anatembea kidogo, akisikia mutu wa lugha yake anaketi karibu naye. Kesho kuna nyumba tano hapa, nyumba saba kule, katikati majani. Hivyo njo visiwa vya dhahabu. Lori zikiendelea kuja, visiwa vinagusana, njia zinafungika, mwisho ni mutaa moja.

"Na kama jiwe ni baridi?" Dokta akaniuliza, ananijaribu.

"Baridi mutu hatembei. Analala palepale alipoanguka, mwengine anamulalia juu. Inakuwa mulima wa batu na masufuria."

"Na kukiwa na joto?"

"Joto batu banatembea, banachagua fasi nzuri, banajaza mashimo."

Akasema, haya, tuendelee na lori yako. Na tangu siku ile mu kile chumba hatukusema "chembe zimefika." Tunasema "lori imeshusha."

Shida ilikuwa kwetu nyumbani. Bibi yangu aliulizwa mume wako anafanya nini Mbarara, akajibu kweli: "Anafanya filamu." Kwisha! Nakivale yote ikajua Mateso ni mutu wa sinema. Mwenye kibanda cha video akaanza kuniwekea kiti cha mbele. Batu bakaniuliza nacheza nani, mwizi ao polisi? Nikasema ni filamu nyembamba. Bakasema ooh, ile ya mapenzi. Mama mumoja akaniletea binti zake watatu banaojua kulia bila sababu. Nilieleza, nilieleza, nikachoka, nikaanza kupokea mayai.

Basi, sasa kesi kubwa. Muzee Katto alikuwa amestaafu, pampu imebaki mikononi mwangu. Alikuja mwanafunzi mumoja, Esperansi, binti wa Kirundi aliyekulia palepale Nakivale. Mama yake analima muhindi na kufuga kuku, na asubuhi haipiti bila rozari. Esperansi alitakiwa atengeneze filamu ya dhahabu iliyo laini kabisa, tambarare, ya kuweka vitu vidogo juu yake na kuvipima. Kila akitengeneza, inatoka na madonge sawa uji wa mutu mwenye haraka. Msaada wake wa masomo ulikuwa unaisha na muhula ule. Na tena bakubwa ba chuo balikuwa bamesema kachumba ketu kanakula umeme na hakazai kitu: mukaguzi wa inje akikuta kazi ya Esperansi haisimami, mashine itoke, viti vya plastiki vya sherehe viingie. Muelewe vizuri: yeye arudi Nakivale bila karatasi, na pampu yangu ipishe viti!

Dhahabu ilikuwa imebaki kawaya kamoja, kadogo sawa ukucha wa kuku. Filamu moja. Hakuna ya pili.

Asubuhi ya siku ile tukabandua mika, tukafunga kengele, pampu ikaanza kukoroma, tukawasha kajiko ka nyuma ya jiwe, jiwe lipate joto kidogo. Ilikuwa desturi yetu: joto kidogo, zima, halafu shusha lori. Kumbe maji yakakatika mutaa wote. Na ile pampu ya pili, ile ya chini yenye mafuta yanayochemka, bila maji ya kuipoza mafuta yanapanda mpaka kwa jiwe, na hapo unaweza kumwita padri. Mimi nikachukua baiskeli na madumu, Esperansi akachukua madumu mengine, tukakimbia kutafuta maji mutoni. Dokta alikuwa ameitwa mukutano. Mulangoni alibaki Afande Okello.

Afande Okello njo askari wetu wa geti. Zamani alikuwa mwanajeshi, Makenke ilimulea, na Kiswahili chake ni cha kule, kifupi, kimenyooka sawa bunduki. Mutu mwema, lakini ukimwambia "chunga hii," hata wewe mwenyewe hutaigusa tena.

Tunarudi na maji, tunamukuta amesimama ndani, mbele ya swichi ya kajiko, kifua mbele, rungu mukononi. Kajiko kanawaka. Jiwe limekuwa la moto kupita siku zote. Nikanyoosha mukono nizime.

"Rudi nyuma!"

"Afande, ni mimi, Mateso."

"Mimi najua wewe. Rudi nyuma. Iko oda. Madam napita hapa mbio mbio, nasema, 'Afande, ambia Mateso: moto, wacha!' Sasa moto iko. Mimi nawacha."

Esperansi akashika kichwa, akamwita Mungu kwa Kirundi. "Mana yanje! Afande, alisema uzime!"

"Zima hakusema. Nasema wacha."

"Wacha ni kuzima!" mimi nikapiga kelele. "Mutoto anapiga mwenzake, unamwambia wacha! Aendelee kupiga?"

Afande akafikiri. Nilimwona anafikiri, kofia ilitikisika. Kisha akasema:

"Sufuria iko kwa moto. Bibi nasema, wacha. Wewe natoa?"

Hapo, nisiwadanganye, mimi mwenyewe nilishusha mukono. Kwa sababu ni kweli. Sufuria ukiambiwa wacha, huitoi. Neno moja, Kiswahili kimoja, mutoto anaacha na sufuria inaiva!

"Tumupigie Dokta," nikasema.

Esperansi alikuwa ameshapiga. Simu imezimwa, mukutano. Akapiga tena. Akaketi chini na mgongo kwa ukuta. "Papa Mateso, ile mika itapasuka. Hatuna ingine. Nimwambie mama nini?"

"Mwambie alime muhindi mingi."

Hakucheka. Nikaona hapa mizaha haiingii, nikaiacha, kitu ambacho kinaniuma sawa jino.

Nikajaribu njia ya amani. Nikamwambia Afande kuna mutu anaiba matofali kwa geti. Akasema, aibe. Nikamwambia chai imefika. Akasema, mimi iko kwa gadi. Nikamwambia mimi ni mukubwa wa chumba hiki. Akanitazama kutoka kofia mpaka kandambili, akasema, "Nyota yako iko wapi?"

Na wakati huo maji yanaisha! Kwa sababu kajiko kakiwaka na mashine ikitembea, pampu inataka maji. Hatukuwa na la kufanya: tukaanza kubeba. Mimi na baiskeli, Esperansi na kichwa, tunapanda ule mulima wa kutoka mutoni, tunamwaga mu pipa, pipa linashusha mu mupira, mupira unapoza pampu, tunarudi tena. Nilibeba maji mpaka muto ukapungua. Samaki balianza kutembea kwa miguu. Afande tukipita mbele yake anapiga saluti kwa kila dumu, lakini kusaidia, hapana, yuko kwa gadi. Karibu jua lianze kushuka, Esperansi mwenyewe, miguu yote matope, akasema, "Kama itakufa, isife kwa kiu." Akabeba tena.

Dokta akarudi na mafaili kwapani. Kufungua mulango tu, joto likamupiga uso.

"Mama yangu! Nani hakuzima huu moto? Afande! Mimi nilisema wacha!"

Afande akagonga kisigino. "Nimewacha, madam! Hakuna mutu amegusa!"

Dokta akaweka mafaili chini. Akaangalia Afande, akaangalia matope yetu, akaangalia pipa. Kisha akainama kwa kioo, akatazama jiwe muda murefu. Halikupasuka.

"Iko batu banapika hivi," akasema polepole, kama anaongea na jiwe. "Nimesoma. Wanapika mika siku nzima kabla ya kuweka dhahabu, uchafu wote unatoka. Mimi niliogopa kajiko ketu katakufa, umeme utakatika. Sikuthubutu." Akageuka. "Esperansi, kazi ni yako. Tunazima tungoje siku ingine, ao unashusha lori na moto huu?"

Siku ingine hakukuwa. Esperansi akafanya alama ya musalaba na kidole cha matope. "Shusha."

Tukapitisha umeme. Mutumbwi ukawa mwekundu, ukawa mweupe, dhahabu ikayeyuka ikawa katone, katone kakaanza kupungua. Munajua ile mita ya sindano: visiwa vikiwa mbali, umeme haupiti, sindano inalala. Vikigusana, umeme unapata njia, sindano inaruka. Siku zote inaruka mapema. Siku ile, sindano inalala. Katone kanapungua, sindano inalala. Katone kamekuwa sawa mbegu ya mutama, sindano inalala sawa mulevi wa krismasi.

"Wanatembea sana," Dokta ananong'ona. "Joto ni mingi. Kila mumoja anatafuta kundi kubwa, njia za katikati zinabaki tupu."

"Baketi sasa!" mimi nikasema. "Fasi iko!"

Afande Okello, hajui ni nini, lakini aliona sisi wote tunatazama sindano, na yeye akaitazama kwa hasira. Akapaza sauti ya gwaride:

"Wewe! Simama!"

Ikasimama. Naapa. Ikaruka kutoka kulala mpaka mwisho, na palepale mutumbwi ukawa mutupu. (Binti yangu anasema hapa niseme kwamba ni visiwa njo viligusana. Sawa, na hiyo andika.)

Safari hii Dokta alisema, "Afande, zima," kila silabi peke yake, na kidole kwa swichi. Tukaacha jiwe lipoe ndani bila kulikimbiza.

Kesho yake tukaliweka chini ya ile mashine ya kupapasa, yenye kasindano kanakotembea juu ya uso sawa kidole cha kipofu, na picha inajichora polepole kwa kioo cha kompyuta. Picha za nyuma zilikuwa madonge, madonge. Hii ilianza kushuka mustari kwa mustari, na hakuna donge. Tambarare. Halafu ngazi moja ndogo, halafu tambarare ingine, pana, pembe zake tatu tatu zimekatwa sawa na wembe. Esperansi aliweka mukono kwa mudomo. Dokta akaenda kula eshabwe asubuhi ile ile.

Mukaguzi wa inje alikuja, mutu murefu wa miwani. Akatazama picha, akavua miwani, akatazama tena. Akauliza maswali mingi kwa Kiingereza, Esperansi anajibu, mimi nimesimama kwa pampu natingisha kichwa fasi ninafikiri inafaa. Halafu akauliza kitu kimoja. Dokta alinieleza baadaye: aliuliza nani aliamua jiwe lipikwe muda murefu hivyo, na kwa sababu gani.

Esperansi akamutazama Dokta. Dokta akatazama dari. Ningesema kitu, lakini mulangoni kukasikika kisigino. Afande alidhani kuna kosa linatafuta mwenyewe, na yeye si mutu wa kuacha mwenzake aumie. Akaingia, saluti mpaka kofia ikainama:

"Ni mimi, sir. Mimi niliwacha."

Dokta akatafsiri. Akaeleza mutoto na sufuria, akaeleza madumu na muto. Mukaguzi alianza kucheka polepole, mabega kwanza, mwisho akashika meza. Akamwambia Esperansi, na hii hata mimi nilisikia: ajue sababu, aieleze, asiseme ni bahati tu. Na yeye akaieleza: uchafu, joto, visiwa, kutembea, kwa nini sindano ilichelewa. Aliieleza sawa mutu anayeonyesha mutaa wake. Akapita mutihani. Viti vya plastiki bakavipanga fasi ingine, na pampu ikaendelea kukoroma mpaka mimi mwenyewe nikachoka kabla yake.

Kipande kimoja cha lile jiwe kilimeguka kwa ukingo, fasi filamu ni nyembamba sana, hakina kazi. Dokta akampa Esperansi apelekee mama yake. Tukapanda boda sisi wawili mpaka Nakivale, ananikamata shati, amekifunga mu kitambaa sawa yai.

Mama yake akafuta mikono, akakipokea, akakigeuza. "Hii njo dhahabu?"

"Njo yenyewe, mama. Nyembamba. Iangalie kwa jua."

Akainua kwa jua. Sasa, ninyi munajua, lakini yeye hakujua: dhahabu nyembamba, mwanga ukipita ndani yake, unaona kijani. Mama akaiona. Akashusha mukono, akamutazama binti yake, akainua tena.

"Esperansi, mwanangu. Miaka yote hii ya shule, unageuza dhahabu iwe majani?"

Esperansi alianza kucheka na machozi yakatoka palepale, hata sijui kipi kilikuwa mbele. Mama akamukumbatia, akasema si neno, majani ni mazuri, dhahabu hakuna mutu anayeikula. Kisha akachukua udongo kidogo, akakibandika mu katundu ka juu ya mulango wake, upande wa jua.

Kiko pale mpaka leo, nendeni muangalie. Kila asubuhi jua likipanda linapita mu ile dhahabu, linaangusha katone ka kijani mu sakafu, kadogo sawa jani changa. Na kuku wa yule mama, wote, na majogoo, wanaingia mbio wanakadonoa.